Leseni Mfukoni, Mkono Mgeni

Chukua mtihani wa bastola wa risasi kumi. Karatasi yenye duara imewekwa mita saba mbele, na anayeingiza saba ndani ya duara anahesabiwa amefaulu. Kwenye uwanja wa shabaha zile tatu zilizopotea huzikwa kwenye tuta la udongo na hakuna anayeziulizia. Mtaani hakuna tuta. Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Hupita kwenye mlango wa mbao, ukuta wa mabati, kioo na bodi ya gari, na isipokutana na kitu huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Februari 2018, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa abiria ndani ya daladala Kinondoni, Dar es Salaam, aliuawa na risasi wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Hakuwa mwandamanaji, alikuwa safarini tu.

Kwa hiyo alama ya kufaulu ya asilimia 70 inamfaa mwanamichezo. Anayebeba bastola kiunoni akienda benki au akifunga duka usiku anahitaji kumi kwa kumi kwenye umbali anaodai anauweza. Kama mita saba zinamshinda, asogee hadi mita nne na ajue kwamba huo ndio mpaka wake. Hakuna aibu katika mita nne. Aibu ni kutojua mpaka wako uko wapi.

Kenya na Tanzania mfumo wa leseni umejengwa ili kumchuja mtu. Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na bodi ya kutoa leseni. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwataka raia wote wenye leseni wahakikiwe upya. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015 na kuweka umri wa chini wa mwombaji kuwa miaka 25. Maswali yanayoulizwa yana maana: una rekodi ya jinai? Unaitaka ya nini? Utaifungia wapi? Lakini mtu anaweza kuyajibu yote kwa ufasaha na bado asijue kuitoa bastola chini ya shati bila kujipiga paja. Hata Afrika Kusini, ambako sheria ya mwaka 2000 inamtaka mwombaji apate kwanza cheti cha umahiri, kilichopimwa ni mikono ya siku ile ya mtihani. Ustadi wa mikono huvuja kama maji ya mtungi wa udongo: huoni tundu, ila baada ya miezi michache mtungi ni mwepesi.

Na hata siku hiyo kinachopimwa ni kipande chepesi cha kazi. Bastola tayari iko mkononi, miguu imetulia, mkufunzi anahesabu, shabaha haisogei wala haikutukani. Mambo matatu yanayowaangusha wabeba silaha hayamo katika mtihani: kuitoa ilikofichwa, kuamua kutoipiga, na kujua la kufanya baada ya mlio.

Anayedhani hili ni tatizo la raia tu awaangalie polisi wa New York. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipochambua matukio yao ya 1998 hadi 2006, katika ripoti iliyotolewa 2008, ilikuta kwamba pale askari na mshukiwa waliporushiana risasi, wastani wa risasi za polisi zilizompata mlengwa ulikuwa 18 kwa kila 100. Mshukiwa asipojibu risasi, 30 kwa kila 100. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walimpiga mtu mwenye silaha aliyekuwa hatua chache mbele yao. Walitumia risasi 16, na wapita njia tisa wakajeruhiwa kwa risasi hizo au vipande vyake. Hao ni watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo na wanaopimwa shabaha kila mwaka.

Sababu yake inaeleweka. Hofu inapopanda, damu huacha vidole na ustadi wa kazi ndogondogo hupungua. Macho huganda kwenye kisu au mdomo wa mtutu wa adui na kuacha kuona pembeni. Masikio huziba, wengi husimulia kwamba hawakusikia mlio wa bastola yao wenyewe. Mkono mzima hukaza mpini, na kidole kilicho kwenye kifyatulio hujikunja pamoja na wenzake. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mtutu huinama chini kushoto na risasi hufuata huko. Mpigaji anajua vizuri sana kulenga, ila mkono wake haujazoea kutenganisha kazi ya kidole kimoja na kazi ya vidole vinne. Utenganisho huo unapatikana kwa kurudia, na kurudia hakuhitaji risasi hata moja. Tutafika huko.

Kwanza kuitoa. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, alionyesha kwamba mtu mwenye afya akikimbia na kisu hufika futi 21, yaani takriban mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule anaoutumia askari aliyezoezwa kuchomoa bastola kwenye ala iliyo wazi na kupiga. Mbebaji wa kiraia anaificha. Ana shati, koti au kanzu juu yake, na kila kitambaa kinaongeza muda. Mtu mwenye panga akiwa mita tatu, bastola iliyo chini ya shati ni jibu la pili. Jibu la kwanza ni miguu: pisha pembeni, weka gari au meza katikati, sukuma, kimbia. Mkufunzi asiyefundisha hatua ya pembeni kabla ya kuchomoa anafundisha nusu somo.

Kuchomoa kwenyewe kuna vituo vinne. Mkono usio na kazi hushika pindo la nguo na kulipandisha hadi kifuani, juu kabisa, kwa kuwa pindo lililopandishwa nusu hurudi na kunaswa na mpini. Mkono wa bastola hushuka na kushika mpini ikiwa bado imo ndani ya ala, kiganja juu kadiri inavyowezekana, kidole cha shahada kimenyooka nje. Bastola huvutwa juu wima hadi mdomo utoke, kisha mtutu unageukia mbele ukiwa kando ya mbavu. Kutoka hapo, kwa adui aliye karibu mno, tayari unaweza kupiga. Mikono miwili hukutana kifuani, na bastola husukumwa mbele kwenye mstari wa macho. Kidole kinaingia kwenye kifyatulio pale tu unapokuwa umeona mlengwa na umeamua. Kosa la kawaida ni kushika mpini vibaya kwa haraka ya kuanza na kujaribu kurekebisha njiani. Ukishika vibaya kwenye ala utapiga vibaya, na risasi ya pili itakuwa mbaya zaidi kwa sababu teke la bastola litauzungusha mpini kiganjani.

Kurudisha ndiko kunakoumiza watu. Hakuna shindano la kurudisha haraka, lakini watu huigiza walichokiona kwenye filamu. Kamba ya koti, pindo la shati au kidole kilichosahauliwa huingia kwenye duara la kifyatulio, ala inasukuma, na risasi inashuka pajani. Rudisha polepole, kidole kikiwa nje, ukiangalia mdomo wa ala kwa macho yako. Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake ubaki wazi hata bastola ikiwa nje. Ala laini ya kitambaa hujikunja na kufanya kazi ileile ya kidole. Kuichomeka bastola kwenye mkanda bila ala, au kuitupa kwenye mkoba pamoja na funguo na kalamu, ni uzembe, hata kama aliyefanya hivyo ni mtu mzima mwenye heshima zake. Mwanamke anayelazimika kubeba kwenye mkoba atafute wenye mfuko wa peke yake wa silaha, na mkoba huo hauwekwi chini wala haupewi mtoto aushike.

Kisha kuna ubishi usioisha: risasi iwe tayari kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapofyatukia, au la? Wengi huku kwetu hubeba chemba tupu na kutegemea kukoki wakihitaji, yaani kuvuta slaidi, kile kipande cha juu cha bastola, ili risasi iingie. Si ujinga. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, chemba tupu inamkinga yeye na watoto wake dhidi ya mikono yake mwenyewe. Gharama yake ni kwamba sasa unahitaji mikono miwili, na katika tukio la kweli mkono mmoja huenda umeshika mtoto, usukani, au kola ya anayekukaba. Tena chini ya hofu watu huvuta slaidi nusu, risasi haiingii vizuri, bastola inakwama. Anayebeba chemba tupu afanye mazoezi ya chemba tupu. Anayebeba iliyojazwa awe na ala ngumu na nidhamu ya kidole. Ambaye leo hivi, kesho vile, siku ya siku hatajua mkononi mwake ana nini. Mshika mbili moja humponyoka.

Ajali za nyumbani nazo zina sura moja, karibu zote. Mtu anataka kusafisha bastola au kumwonyesha rafiki. Anavuta slaidi, risasi ya chemba inaruka nje, anaiona, anaridhika. Halafu anatoa magazini, kile kisanduku cha risasi kilicho ndani ya mpini. Hajui kwamba slaidi iliporudi ilichukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyokuwa bado ndani. Anabonyeza kifyatulio kwenye bastola "tupu". Mpangilio sahihi ni huu na haugeuki: mtutu mahali salama, magazini nje kwanza, ndipo slaidi ivutwe mara tatu, ifungwe nyuma, chemba iangaliwe kwa macho kisha iguswe kwa ncha ya kidole kidogo, maana gizani na kwenye uchovu macho hudanganya. Mahali salama ni ndoo kubwa iliyojaa mchanga mkavu. Sakafu ya saruji hurudisha risasi, na ukuta wa tofali zenye matundu hauaminiki.

Katika kuingiza na kutoa risasi ndimo lilimo jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kenya cheti hutaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo, na popote Afrika Mashariki risasi ni ghali. Matokeo yake mtu hubeba risasi zilezile miaka mingi. Kila asubuhi risasi ya juu inaingizwa chemba, kila jioni inatolewa, kesho tena ileile. Kila inapoingia, ncha yake hugonga njia ya kuingilia na kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ndani ya ganda inapungua, na siku itakapofyatuka presha hupanda kupita kiasi; bastola inaweza kupasuka mkononi. Isimamishe risasi hiyo kwenye meza kando ya risasi mpya ya aina ileile. Ikiwa fupi, hata kwa unene wa ukucha, iweke kando na uikabidhi polisi au uwanja wa shabaha. Njia nyepesi ni kuizungusha: risasi moja isiingie chemba zaidi ya mara mbili au tatu, kisha ishuke chini ya magazini au itumike mazoezini.

Pwani kuna adui mwingine, jasho na chumvi. Bastola inayokaa kiunoni Mombasa, Tanga au Unguja hupata kutu kwenye springi za magazini na kwenye ukucha unaotoa maganda kabla hujaiona kwenye mtutu. Ipanguse kwa kitambaa kila wiki, weka tone moja la mafuta kwenye reli za slaidi, basi. Wenye bidii huiogesha mafuta, nayo hupenya hadi kwenye fataki, kile kiberiti kidogo kilicho kwenye kitako cha risasi, na kuiua. Kwenye vumbi la Dodoma mafuta mengi hugeuka tope.

Bastola ikigoma, mkono unatakiwa ujue bila kuuliza. Ukibonyeza na kusikia "tki" bila mlio: piga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi hadi mwisho na uiachie irudi yenyewe, angalia tena kama bado kuna haja ya kupiga. Ganda likisimama wima kama bomba la jiko juu ya chemba, dawa ni hiyohiyo. Risasi mbili zikigombania chemba, kugonga hakusaidii: funga slaidi nyuma, ng'oa magazini kwa nguvu, vuta slaidi mara tatu, ingiza magazini nyingine, koki. Magazini moja tu maana yake tatizo hili halina ufumbuzi wa haraka, na hiyo ndiyo sababu ya kubeba ya pili. Wingi wa risasi ni faida ya ziada tu. Mara nyingi chanzo cha kukwama ni kifundo cha mkono kilicholegea, kinachoipa slaidi mahali pa kupoteza nguvu, au springi ya magazini iliyochoka.

Kuna hali moja ambayo mazoea hayo ni hatari. Mlio ukiwa dhaifu, "pufu" badala ya "paa", simama. Huenda risasi imekwama katikati ya mtutu. Ukikoki na kupiga nyingine nyuma yake utapasua mtutu. Toa magazini, fungua, na mtutu ukaguliwe kabla ya lolote lingine.

Sasa mazoezi ya bila risasi, ambayo ndiyo roho ya jambo lote. Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, zinamfaa mbebaji kuliko kwenda uwanjani mara mbili kwa mwaka na kumaliza boksi zima. Risasi zote zinabaki chumba kingine, hata zile za magazini ya akiba. Kagua chemba mara mbili. Chagua ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu, bandika kipande cha karatasi ukubwa wa kiganja. Anza polepole: mara kumi kuchomoa bila kubonyeza. Kisha mara kumi kuchomoa na kubonyeza mara moja. Kisha weka sarafu juu ya slaidi karibu na alama ya mbele ya kulengea, bonyeza, na sarafu isianguke. Ikianguka, mkono wote unabonyeza. Mara tano nyingine fanya kwa mkono mmoja. Risasi bandia za plastiki, kama unazo, zitakuwezesha kufanyia kazi kugoma na kubadilisha magazini.

Hatari ya mazoezi haya iko mwishoni. Mtu amemaliza, amejaza risasi, amerudisha bastola kiunoni, halafu anakumbuka kosa dogo na kusema "mara moja ya mwisho". Ukuta unatobolewa. Ng'oa karatasi ukutani kabla hujagusa risasi, sema kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, na toka chumbani. Wanaoona kusema kwa sauti ni utoto hawajafikiria ubongo uliochoka unavyofanya kazi saa tatu usiku.

Risasi za kweli nazo zinahitajika, kwa kuwa sarafu haipigi teke. Risasi 50 kwa mwezi zinatosha. Asiyeweza apige 30 kila miezi miwili, ila kwa mpango. Kumi kwa mita tatu, kila moja kutoka kwenye ala. Kumi kwa mita tano, mbilimbili. Kumi kwa mita saba ukipiga hatua ya pembeni kwanza. Kumi kwa mita 15 polepole kabisa, kwa sababu umbali huanika makosa ya kidole ambayo mita tatu huyafunika. Kumi za mwisho mwenzako akupakie magazini na achanganye risasi bandia bila kukuambia ziko wapi. Ikigoma na mtutu ukatumbukia chini wakati haujatoka mlio, umeona kwa macho yako kwamba mkono unaogopa teke kabla halijaja. Shabaha iwe karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati. Iliyotoka nje ya karatasi imekosa, hata kama imekosa kwa nywele. Kirigiti kule Kiambu na Bamburi upande wa Mombasa ni viwanja vinavyojulikana. Mkoani huenda ukalazimika kusafiri, na safari hiyo ihesabiwe katika gharama za kumiliki silaha kabla ya kuinunua.

Kuamua ndiko kuzito zaidi, na ndiko kunakofundishwa kidogo zaidi. Tanzania, kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu anayejitetea kutumia nguvu ya kadiri tu, iliyo ya lazima kwa utetezi huo. Kenya, kifungu cha 17 cha Sura ya 63 kinalipeleka suala hilo kwenye misingi ya "common law" ya Uingereza, yaani sheria iliyojengwa na hukumu za mahakama, ambayo nayo inauliza ulazima na kadiri. Wakili atakueleza zaidi, lakini mbebaji anahitaji picha chache kichwani kabla ya siku hiyo. Kijana amekwapua simu na anakimbia: unaona mgongo, hatari imekwisha, bastola haitoki. Mwizi ameruka ukuta na televisheni: vivyo hivyo. Wawili kwenye bodaboda wamesimama dirishani mwa gari, na bastola tayari iko sikioni mwako: kuchomoa hapo ni kushindana na kidole ambacho kinahitaji robo sekunde. Toa pochi. Umati unamkimbiza mtu ukipiga kelele "mwizi": hujui nani ni nani, na silaha yako itaongeza maiti bila kuongeza ukweli.

Zoezi lake ni rahisi na linahitaji bastola ya plastiki isiyoweza kupiga. Mwenzako anasimama mita tano, mkono nyuma, kisha anautoa ghafla akiwa na simu, pochi, kitambulisho, au kisu cha mbao. Katika mara kumi, saba ziwe za kutopiga. Wengi mwanzoni "huiua" simu. Ongeza sauti: "Simama! Usisogee!" kwa tumbo lote. Sauti humlazimisha mpigaji kupumua, humpa mwingine nafasi ya kuacha, na huwapa majirani la kushuhudia. Ongeza giza na tochi mkononi, kwa kuwa kivuli kilichoko kwenye korido usiku wa manane mara nyingi ni mtu wa nyumba hiyo.

Shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, bado ni darasa kubwa la jambo hili. Miongoni mwa walioingia mapema kuwatoa watu walikuwa askari wachache waliovaa kiraia na raia wenye bastola za leseni. Wengi wako hai kwa sababu yao, hilo halina ubishi. Waathiriwa 67 walipoteza maisha. Lakini ndani ya jengo hilohilo kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi wa GSU, aliripotiwa kuuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake. Mtu aliyezoezwa, mwenye vifaa, alichukuliwa kuwa adui. Raia mwenye fulana na bastola mkononi ana nafasi gani? Baada ya shambulio lile mafunzo ya raia wenye leseni yalipata nguvu Kenya, na hilo ni jema, ila sehemu inayostahili muda mwingi zaidi ni ya kutojulikana: kutembea bastola ikiwa kifuani na mtutu ukielekea chini badala ya kuuelekeza mbele kila kona, kuirudisha bastola mara tu haja inapokwisha, kutii amri ya kwanza ya sare bila kugeuka na silaha mkononi. Kugeuka ndiko kunakoua. Mwili hufuata sauti na mtutu hufuata mwili.

Baada ya mlio, kazi haijaisha. Sogea penye kinga. Kinga ni injini ya gari au nguzo ya zege, mlango wa gari hausimamishi kitu. Angalia nyuma yako, kwa sababu wezi hawatembei peke yao. Rudisha bastola ukishakuwa salama. Piga simu, 999 au 112 Kenya, 112 Tanzania, na sema kwa mpangilio: uko wapi, kuna majeruhi, wewe ni mwenye leseni, umevaa nini. Usiokote maganda, usisogeze kisu cha mtu.

Majeruhi, awe nani, anavuja damu wakati unapiga simu. Mkanda wa kubana damu unafungwa juu ya jeraha la mkono au mguu, sentimita tano hadi saba juu yake, kamwe si kwenye goti au kiwiko, unakazwa hadi damu isimame, saa inaandikwa, na haulegezwi hadi hospitali. Pale mkanda hauwezi kufungwa, kinenani au begani, kanga safi inashindiliwa ndani ya jeraha na kukandamizwa kwa uzito wa mwili. Tanzania hospitali kwa kawaida itauliza PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Kenya shauri litahitaji fomu kama hiyo, P3. Mkanda huo una uzito mdogo kuliko magazini ya akiba, na bado ni nadra kuuona kwa wanaojiita wamejiandaa.

Mkufunzi unamjua kabla hajafyatua risasi. Anaanza na sheria na kupakua, yaani kutoa risasi kwenye bastola. Hana wanafunzi zaidi ya wanne au watano kwenye mstari kwa wakati mmoja. Vizibo vya masikio na miwani si hiari, na sanduku la huduma ya kwanza liko mezani, halijafungiwa kwenye buti la gari. Anayekuelekezea mtutu kwa mzaha, hata mara moja, chukua koti lako uondoke.

Kama bodi na polisi wangetaka kupima kweli, siku ya kufanya leseni upya ndiyo siku yake, na haingehitaji zaidi ya dakika 20 kwa mtu. Mwombaji aje na bastola yake, ala yake, na nguo anazovaa kila siku. Anayeileta kwenye mfuko wa plastiki amejibu swali la kwanza kabla hajaulizwa. Aipakue mbele ya mkaguzi, aeleze kila hatua kwa mdomo. Achomoe na kurudisha mara tano ikiwa tupu. Apewe picha nne za matukio na aseme katika ipi angepiga na kwa nini. Mwisho risasi 12, sita kwa mita tatu na sita kwa mita saba, zote kutoka kwenye ala, zote ndani ya nusu ya karatasi ya A4. Ikitoka moja nje, bastola inabaki kituoni siku 30, na mwenyewe anarudi nyumbani na risasi bandia na sarafu moja.